Wajibu wa Uangalifu: Jirani wa Kisheria ni Nani?

Katika madai ya fidia yatokanayo na uzembe, swali la kwanza mbele ya mahakama si iwapo mdaiwa alizembea, bali ni iwapo alikuwa na wajibu wa uangalifu kwa mdai. Hapa ndipo neno letu la kila siku linapompotosha mfasiri. Katika mazungumzo, uzembe ni lawama iliyokamilika: ukimwita mtu mzembe, umekwisha kumhukumu. Mahakamani hilo halitoshi. Mtu aweza kuzembea waziwazi, mwingine akapata hasara, na fidia isipatikane kwa kuwa baina yao hapakuwa na wajibu. Mahakama za Kenya na Tanzania zimerithi msingi huu kutoka Uingereza, na tangu 2021 sheria ya Tanzania inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kwa hiyo neno likipotoka, anayeumia ni mwenye shauri.

Uangalifu, tena, si uangalizi. Mwangalizi ni aliyekabidhiwa mtoto, mgonjwa au mali. Mwangalifu ni atendaye kwa hadhari. Dereva ana wajibu wa uangalifu kwa mtembea kwa miguu. Anayeandika *wajibu wa uangalizi* amemtwika dereva huyo ulezi.

Chimbuko la wazo hili katika sura yake ya sasa ni chupa ya soda ya tangawizi. Agosti 1928, mjini Paisley, Uskoti, May Donoghue alinunuliwa kinywaji hicho na rafiki yake, na kwa madai yake chupa ilitoa mabaki ya konokono aliyeoza. (Konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa, shauri lilimalizwa kwa suluhu.) Kwa kuwa hakununua yeye, hakuwa na mkataba wa kuutegemea. Mwaka 1932 Baraza la Malodi, kwa majaji 3 dhidi ya 2, liliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji wa mwisho. Lord Atkin alieleza kwamba jirani kisheria ni yule ambaye tendo langu litamgusa moja kwa moja, hata nipaswe kumfikiria kabla sijatenda.

Jirani huyo si wa ukuta kwa ukuta. Ukaribu unaotajwa katika hukumu ni wa uhusiano, haupimwi kwa hatua. Kwa sheria ya Kiingereza, mpita njia amwonaye mgeni akizama bwawani kwa kawaida hana wajibu wa kumwokoa, ingawa yu kando yake.

Katika kesi ya Caparo ya 1990, wakaguzi wa hesabu hawakuonekana kuwa na wajibu kwa wawekezaji walionunua hisa kwa kutegemea ripoti yao. Majaji walitazama mambo matatu: madhara yawe ya kutazamiwa, uhusiano uwe wa karibu, na iwe haki na busara kuuweka wajibu huo. Nasema *kutazamiwa*, si *kutabiriwa*. Utabiri tuwaachie watu wa hali ya hewa na wapiga ramli.

Wengi waliyageuza matatu hayo kuwa fomula. Mwaka 2018, katika kesi ya Robinson, bibi kizee aliyeangushwa na polisi waliokuwa wakimkamata mshukiwa huko Huddersfield, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa mazoea hayo. Palipo na uamuzi uliokwisha kukubalika, kama wa daktari na mgonjwa, jaji huufuata. Jambo likiwa jipya, hulilinganisha na kesi zilizo jirani nalo na kusonga hatua kwa hatua. Ndiyo maana napendelea kuyaita mambo hayo vigezo badala ya masharti: masharti hutimizwa yote kila mara, vigezo hupimwa pale vinapohitajika.