Ngoja ngoja ya pesa za wazee: Nansha wanahesabu siku, nyumbani hakuna tarehe

NANSHA, Guangzhou – Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaokuja kusini mwa China wanaijua Nansha kwa jambo moja: bandari. Vigae, fenicha na vipuri vinavyonunuliwa katika masoko ya Guangzhou hupakiwa hapa, karibu na mahali Mto Zhujiang unapoingia baharini, tayari kwa safari ya Mombasa na Dar es Salaam.

Kila kontena lina namba yake. Mwenye mzigo akiwa na simu mkononi anaweza kujua limefika wapi.

Lakini muulize mfanyabiashara huyo huyo fomu ya mama yake ya kuomba pesa za wazee imefika wapi. Atakwambia ilipelekwa kwa chifu, au kwa mwenyekiti wa kijiji, na kwamba wameambiwa wasubiri. Wasubiri mpaka lini? Hapo hana jibu, naye mama hana.

Makala haya yanaeleza kwa nini maombi ya namna hiyo hukwama, na familia iliyo mbali inaweza kufanya nini.

Sheria inayohesabu siku

Nansha ni wilaya ya jiji la Guangzhou yenye miji midogo sita na kata tatu za mjini. Mkazi maskini anayetaka msaada wa serikali uitwao dibao, yaani posho ya kuhakikisha kiwango cha chini cha maisha, huanzia ofisi ya mji wake au kata yake.

Maofisa huenda nyumbani kwake, huuliza majirani, hukagua mapato na akiba, kisha matokeo hubandikwa hadharani ili mwenye pingamizi aseme.

Kanuni za mwaka 1999 za msaada huo kwa watu wa mijini zilitaka uamuzi utoke ndani ya siku 30. Taratibu mpya zilizoanza Julai 2021 zinasema siku 30 za kazi, na panapokuwa na sababu maalumu, zisizidi 45.

Si kwamba huku mambo yote ni mazuri. Kwa kawaida haki hii hufuata mahali mtu alipoandikishwa ukazi. Kibarua aliyetoka Guangxi au Hunan kuja kufanya kazi katika viwanda vya Nansha anaweza kukaa hapa miaka mingi, lakini akiishiwa huambiwa arudi kuomba kwao. Mgeni kutoka Afrika hayumo kabisa katika hesabu hiyo.

Hata hivyo, anayestahili kuomba anajua kitu kimoja: kuna siku ambayo akiivuka bila kujibiwa, kosa si lake.

Kenya: foleni ambayo mlango wake hufungwa

Kenya ilianza majaribio ya ruzuku kwa yatima mwaka 2004, katika kaya chache za Kwale, Garissa na Nairobi. Baadaye ikaja ruzuku ya wazee, na mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ukaanza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi asiyepokea pensheni ya serikali. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi.

Wengi hawajui kwamba wazee hao waliandikishwa kwa mkupuo mwaka 2017. Usajili mwingine mkubwa ulitangazwa mwaka 2023. Mzee aliyetimiza miaka 70 mwaka 2019 alikuwa na haki kwa umri, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Familia yake ilidhani fomu imekwama, kumbe hapakuwa na foleni ya kusimama.

Sababu ya pili ni kitambulisho. Wazee wetu wengi walizaliwa kabla ya vyeti, na mwaka wa kuzaliwa ulikisiwa na karani. Jina likiandikwa Mwanaisha kwenye kitambulisho na Mwana Aisha benki, kwa kompyuta hao ni watu wawili. Na alama za vidole vya aliyelima miaka 50 zimefutika.

Sababu ya tatu iko Nairobi. Hazina ya Taifa isipotoa fedha kwa wakati, hata aliyekwisha kubaliwa hapati kitu. Mara kadhaa wazee wamekaa miezi bila malipo, kisha wakalipwa malimbikizo kwa pamoja. Kwa mwenye dawa za presha za kununua kila mwezi, malimbikizo hayarudishi mwezi uliopita.

Haya yanatokea katika nchi ambayo katiba yake ya mwaka 2010, ibara ya 43, inaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu.

Tanzania Bara na Visiwani

Tanzania Bara, ruzuku ya kaya maskini hupitia TASAF. Majina hupendekezwa katika mkutano wa kijiji, kisha kaya hupimwa kwa maswali kuhusu nyumba, mali na watu wanaoishi humo. Baada ya kugunduliwa makumi ya maelfu ya kaya zisizostahili, uhakiki ulikazwa. Lilikuwa jambo la haki, lakini uhakiki nao huchukua muda, na anayesubiri ni maskini wa kweli.

Hapa sisi tulio nje tunahusika. Kijijini ikijulikana kwamba mtoto wa fulani yuko China, si ajabu mkutano ukaona nyumba hiyo haina shida. Hakuna anayeuliza kama mtoto huyo alituma pesa mwaka huu.

Zanzibar ilichagua njia nyingine. Tangu Aprili 2016 inalipa pensheni jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi bila kupima umaskini wao. Palipo na swali moja tu, yaani umri, pana nafasi chache za fomu kukwama.

Kompyuta nayo

Wapo wanaosema dawa ni mtandao. Afrika Kusini ilianzisha ruzuku ya randi 350 mwaka 2020, na maombi yakafanywa kwa intaneti. Mamilioni waliomba, na mashine ikawalinganisha na kumbukumbu za kodi, bima na benki. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Pretoria ilisema kulazimisha watu waombe kwa intaneti pekee ni kinyume cha katiba. Serikali ilitaka kukata rufaa.

Hapa China, Novemba 2020, bibi wa miaka 94 mkoani Hubei alionekana kwenye video akibebwa na jamaa zake mbele ya mashine ya benki ili isome uso wake. Watu walikasirika, na mwezi huo huo serikali ilitoa mpango wa kuwasaidia wazee wanaoshindwa na teknolojia.

La kufanya

Ukipiga simu nyumbani, usiulize tu kama pesa zimetoka. Uliza kwanza kama usajili uko wazi. Uliza kama majirani waliokwisha kukubaliwa wamelipwa. Kama nao hawajalipwa, tatizo ni la Hazina, na hakuna haja ya mama kupanda bodaboda kila wiki kwenda kwa chifu. Kama wamelipwa yeye hakulipwa, linganisha jina na tarehe kwenye kitambulisho na kwenye akaunti, herufi kwa herufi.

Kila anapofika ofisini, aandikiwe tarehe na jina la aliyempokea. Karatasi hiyo ndiyo itakayomsaidia akilalamika.

Kwa serikali zetu, ombi ni dogo: wekeni siku. Kukataliwa kwa maandishi kuna rufaa. Ngoja ngoja haina rufaa, na mzee wa miaka 78 hana muda wa kungoja kama kijana.