Kikohozi kinachorudi palepale

Wewe unayekaa Kisangani au kwenye machimbo ya almasi na dhahabu upande wa Bafwasende, unajua vizuri: mtu akikohoa damu, watu wanasema mara moja, «Huyu ana TB.» Mara nyingi hawakosei. TB iko nyingi kwetu, na vumbi la mawe linaloingia mapafuni mwa wachimbaji linaiongezea nguvu. Kwa hiyo kupima makohozi ndiyo kazi ya kwanza, usiiruke.

Lakini fikiri juu ya kijana ambaye makohozi yake yamepimwa mara tatu, hata kwa mashine ya GeneXpert, na vijidudu havikuonekana. Amekunywa dawa za TB miezi 6. Amepata nafuu kidogo, kisha homa imerudi, na kikohozi, na damu. Sasa jamaa wananong'onezana: nani anamloga? Tusifichane, hata kanisani maneno hayo yanasemwa, na pesa ya shule ya watoto inaishia hapo.

Kuna kilema cha pafu ambacho mtu anazaliwa nacho, lakini ni cha nadra. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, kipande cha pafu kinajitenga. Hakiungani na njia za hewa kama inavyotakiwa. Ni kama Lubunga siku ambayo hakuna mtumbwi unaovuka mto: watu wako, lakini hakuna anayeingia wala kutoka. Na damu yake haitoki kwenye mshipa wa mapafu. Inatoka kwenye aota, ule mshipa mkubwa unaopeleka damu mwilini mwote. Madaktari wanakiita sekestrasio. Mtu anaweza kufika miaka 30 au 40 bila kujua, mpaka uchafu unapokwama humo na kufanya usaha. Si kosa la mama, na hakiambukizi; hakuna sababu ya kumtengea sahani.

Daktari atakitambuaje? Kwa picha ya radio kwanza. TB ya mtu mzima inapenda zaidi sehemu ya juu ya pafu. Kivuli cha sekestrasio kwa kawaida kiko chini, mara nyingi upande wa kushoto, na kila mwaka kiko palepale. Ndiyo maana picha za zamani zisitupwe! Ziweke mahali pakavu pamoja na fishi ya mgonjwa.

Kisha inatakiwa skana, pamoja na dawa ya kuchoma kwenye mshipa ili njia ya damu ionekane. Ni ghali, na kwa wengi ni safari pia. Lakini mpasuaji asiyejua ule mshipa uko wapi anaweza kuukata, na damu ikamwagika vibaya. Akiujua, anaufunga kwanza, halafu anatoa kile kipande.

Kivuli kisichohama kinaweza pia kuwa kansa, au TB ambayo haikuonekana kwenye makohozi. Usiache dawa kwa mawazo yako mwenyewe. Peleka picha zote, ya mwaka huu na za nyuma, umwombe daktari azitazame pamoja.