Bega Lililogeuzwa

Mwaka 1893, jijini Paris, daktari wa upasuaji Jules-Émile Péan alikuwa na mgonjwa wa miaka 37, mwoka mikate, ambaye bega lake lilikuwa limeliwa na kifua kikuu cha mifupa. Péan hakuukata mkono. Alimpachika kiungo bandia kilichotengenezwa na daktari wa meno: bomba la platini lenye kichwa cha raba iliyochemshwa kwenye nta ya parafini. Mkono ulirudi kazini, lakini maambukizi hayakukoma. Dawa za kuua vijidudu vya kifua kikuu hazikuwepo, na baada ya miaka miwili hivi kiungo kile kikaondolewa.

Wazo lilifufuka miaka ya 1950. Charles Neer wa New York alianza kuweka kichwa cha chuma pale ambapo ncha ya juu ya mfupa wa mkono imesagika. Mwaka 1970 akayapanga mavunjiko hayo kwa vipande vinne: kichwa, mhimili wa mfupa, na vinundu viwili ambapo kano za bega hujishikiza. Vinundu hivyo ndivyo vilivyosumbua. Visipounga, kano hukosa pa kuvutia, na mgonjwa mwenye kichwa kipya kabisa hushindwa hata kuchana nywele.

Mfaransa Paul Grammont alilitatua hilo mwaka 1985 kwa kugeuza bega. Kwa maumbile, tufe liko kwenye mkono na kikombe kiko kwenye mfupa wa bega. Yeye aliweka tufe begani na kikombe mkononi. Kitovu cha mzunguko kikasogea ndani na chini, na msuli mkubwa unaolifunika bega ukapata nguvu ya kuinua mkono bila kutegemea kano zilizochanika.

Je, kila aliyevunjika hapo apasuliwe?

La. Mwaka 2015 Waingereza walitoa matokeo ya utafiti wa PROFHER, uliofuatilia wagonjwa 250 katika hospitali 32. Nusu walipangiwa upasuaji. Waliobaki mkono ulining'inizwa kwa kitambaa shingoni. Baada ya miaka miwili, wagonjwa wenyewe walipoulizwa uwezo wa mikono yao, makundi hayo hayakupishana kwa kiasi cha maana.

Hata hivyo, utafiti huo haukuwahusisha waliovunjika huku bega limeteguka, wala wale ambao mfupa umetoboa ngozi. Kwa hao, kitambaa peke yake hakitoshi.