Garimoshi Limekwenda, Njia Imebaki

Alfajiri katika kijiji cha Rocheport, jimbo la Missouri, katikati ya Marekani, ukungu hupanda polepole kutoka mtoni na kuyafunika mashamba ya mahindi na soya. Upande mmoja Mto Missouri wapita kimya, mpana, wenye maji ya rangi ya udongo. Upande wa pili yasimama majabali meupe ya mawe ya chokaa. Kati ya maji na majabali imenyooka njia nyembamba ya changarawe laini. Hapiti motokaa hapo. Wapitao ni watu wa miguu na waendesha baiskeli: mzee na mkewe, baba na watoto wake, vijana waliofunga mizigo nyuma ya baiskeli kwa safari ya siku nyingi.

Njia hiyo inaitwa Katy Trail, yaani Njia ya Katy. Urefu wake ni maili 240, karibu kilometa 386, kutoka mji wa Clinton upande wa magharibi hadi Machens, si mbali na jiji la St. Louis, upande wa mashariki. Katika njia zote za Marekani zilizokuwa reli, hii huhesabiwa miongoni mwa zilizo ndefu kabisa. Anayeiona leo aweza kudhani kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya starehe. Sivyo. Ilitengenezwa kwa ajili ya garimoshi, na kabla ya kufikia hali yake ya leo iliponea chupuchupu, kwanza mbele ya mafuriko, kisha mbele ya mahakama.

RELI KANDO YA MTO

Reli hiyo ilikuwa mali ya kampuni iliyoitwa Missouri-Kansas-Texas. Jina hilo lilikuwa refu mno kwa wananchi, nao wakazishika herufi K na T, wakazitamka "Katy". Miaka ya 1892 na 1893 wajenzi walitoboa handaki katika jabali la Rocheport, lenye urefu wa futi 243, yaani meta 74 hivi. Handaki hilo lingali likipitwa hadi leo, na kuta zake za mawe huwapa ubaridi wasafiri wakati wa joto kali.

Kwa nini njia ya garimoshi imfae mwendesha baiskeli? Sababu ni kwamba gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishiki sana. Palipo na mwinuko mkali, gurudumu huteleza na garimoshi lililobeba mzigo hushindwa kupanda. Kwa hiyo wajenzi wa reli walilazimika kukata vilima, kujaza mabonde kwa matuta ya udongo, na kupinda kona polepole. Kazi hiyo ngumu, iliyofanywa zaidi ya miaka mia iliyopita kwa ajili ya mashine nzito, leo inawafaa watu wenye miguu dhaifu. Kando ya mto njia ni tambarare kwa maili nyingi, na hata mtoto wa miaka minane aweza kuiendesha baiskeli yake bila kushuka na kuisukuma.

Reli na mataruma vilipoondolewa, tuta lenye mawe ya msingi lilibaki. Juu yake pakamwagwa mawe ya chokaa yaliyosagwa, yakashindiliwa hadi yakawa magumu. Madaraja madogo yakatandikwa mbao. Hiyo ndiyo siri yote ya barabara hiyo.

MAJI YALIPOIKATA RELI

Mwezi Oktoba mwaka 1986 mto ulifurika na kuiharibu reli katika sehemu nyingi. Kampuni ilipima gharama ya matengenezo na faida ya biashara, ikaona kwamba haifai kuendelea. Magarimoshi yakakoma kati ya Sedalia na Machens.

Hapo ndipo swali zito lilipozuka: ardhi ile ni ya nani? Katika sehemu nyingi kampuni haikuwa imeinunua ardhi yenyewe. Ilikuwa imepewa haki ya kupita tu. Wakulima waliopakana nayo waliamini kwamba garimoshi likikoma, ardhi inawarudia wao, warithi wa wale walioitoa. Kama hivyo ndivyo ingalivyokuwa, njia ile ingalikatwa vipandevipande, hiki kikawa shamba, hiki zizi, hiki ua wa nyumba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuipata upya njia ya maili mia mbili, kutoka kwa mamia ya wenye mashamba, ni kazi ambayo pengine isingaliwezekana tena.

Ilikuwapo hata hivyo sheria ya Marekani ya mwaka 1983. Sheria hiyo yasema kwamba kampuni ikitaka kuiacha reli, serikali ya jimbo au chama chaweza kuichukua na kuitunza kama njia ya wananchi, kwa sharti kwamba siku garimoshi litakapohitajika tena, njia irudishwe katika kazi yake ya kwanza. Kwa maneno mengine, reli haihesabiwi kuwa imekufa, bali imewekwa akiba. Missouri ikaitumia sheria hiyo.

MFANYABIASHARA NA WAKULIMA

Fedha ilitoka wapi? Edward Jones, ambaye watu walimwita Ted, alikuwa mfanyabiashara mashuhuri wa hisa katika jimbo hilo. Yeye na mkewe Pat walikuwa wamevutiwa na njia ya namna hiyo katika jimbo la Wisconsin, kati ya miji ya Elroy na Sparta, yenye urefu wa maili 32 na mahandaki matatu. Wakatoa dola milioni 2.2 kwa jumla ili Missouri nayo ipate yake. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa Rocheport mwaka 1990. Ted Jones alifariki dunia mwaka huohuo, mwezi Oktoba, kabla ya kuiona njia ikikamilika.

Lakini haingekuwa haki kuwasifu watoaji na kuwasahau walionung'unika. Wakulima wengi walikuwa na hofu. Waliogopa wezi, moto, takataka, na wageni wasiojulikana kupita karibu na nyua zao mchana kutwa. Zaidi ya hayo waliona kwamba wamenyang'anywa kilicho chao bila kuulizwa. Wakaenda mahakamani. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka jimbo la Vermont, iliamua kwamba sheria ile ni halali, lakini ikaacha mlango wazi kwa wenye ardhi kudai fidia. Mwaka 2000 mahakama ya madai dhidi ya serikali ya Marekani ikakubali kwamba wenye ardhi wa Missouri walikuwa wamechukuliwa mali yao, na kwamba serikali yawajibika kuwalipa.

Hivyo pande zote mbili zilikuwa na haki. Wananchi walipata njia nzima isiyokatika, na wenye mashamba wakatambuliwa kuwa si wachoyo bali ni watu wenye madai ya kweli. Kosa lilikuwa ni kuchelewa: miaka kumi na zaidi ilipita kabla madai hayo hayajakubaliwa.

MAJI YARUDI

Mwaka 1993 ulikuja msiba mwingine. Mito ya Missouri na Mississippi ilifurika kwa kiasi ambacho wazee hawakukumbuka kukiona, na sehemu kubwa ya njia iliyokuwa imekwisha tengenezwa ikasombwa. Kijiji cha Rhineland, kilichokuwa bondeni, kiliamua kuhama; nyumba zikapandishwa mlimani, mbali na maji. Njia haikuweza kuhama. Ilijengwa upya palepale, kwani thamani yake ni kule kuwa kando ya mto.

Hatari ya mwisho ilikuwa katika mji wa Boonville. Hapo pana daraja la chuma la mwaka 1932, ambalo sehemu yake ya kati huinuliwa ili vyombo vipite. Kampuni ya reli iliyolimiliki ilitaka kulibomoa na kuitumia chuma chake mahali pengine. Watetezi wa njia wakasema: daraja likiondoka, je, itawezekana tena kudai kwamba garimoshi laweza kurudi? Mvutano ulidumu miaka mingi. Daraja likaokolewa, na tangu mwaka 2016 watu huruhusiwa kutembea juu ya sehemu yake.

Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba watu wapatao 400,000 huitumia njia hiyo kila mwaka, na kwamba huleta faida ya dola milioni 18 na zaidi. Katika vijiji ambavyo garimoshi lilikuwa halisimami tena, zimefunguliwa nyumba za wageni, mikahawa na maduka ya baiskeli.

ASKARI WA MWAKA 1897

Missouri inayo kumbukumbu nyingine ya baiskeli na reli, ambayo itawapendeza wasomaji walio jeshini. Mwezi Juni mwaka 1897 askari 20 weusi wa Kikosi cha 25 cha Miguu, chini ya Luteni James Moss, waliondoka kambi ya Fort Missoula huko Montana kwa baiskeli, wakiwa na bunduki na mizigo yao. Walikusudia kuonyesha kwamba baiskeli, isiyokula majani wala kuugua, yaweza kulifaa jeshi mahali pa farasi. Walivuka milima penye theluji, na matope yaliyonata katika magurudumu. Katika nchi ya mchanga ya Nebraska barabara iliwashinda kabisa, wakalazimika kufuata njia ya reli, wakidundadunda juu ya mataruma. Wengine waliugua kwa maji mabaya. Baada ya siku 41 na maili 1,900 waliingia St. Louis, wakapokewa na umati wa watu. Jeshi halikuendelea na mpango huo, na askari walirudishwa kwa garimoshi. Lakini walikuwa wamethibitisha jambo moja: palipo na ardhi imara chini ya gurudumu, mtu huenda mbali kwa nguvu zake mwenyewe.

KWA JAMAA WATAKAOSAFIRI

Njia ya changarawe inayo adabu zake, nazo zafaa popote. Tairi ziwe pana kuliko za barabara ya lami, milimita 35 hadi 45, wala zisijazwe upepo hadi zikawa ngumu kama jiwe. Tairi laini kidogo hushika vizuri na haimchoshi mpandaji. Baada ya mvua kubwa ni heri kungoja, kwani changarawe iliyolowa huvuta magurudumu na njia huachiwa makovu. Vumbi la chokaa hukausha mafuta ya mnyororo. Usafishwe na kupakwa mafuta kila jioni. Chukueni mpira wa ndani wa akiba, viraka, pampu, na maji ya kutosha, kwa maana vijiji viko mbalimbali. Kwa watoto, kilometa 15 au 20 zatosha siku ya kwanza. Handakini, washeni taa na kupiga kengele.

Katika Afrika Mashariki pia ziko reli zilizokaa miaka mingi bila garimoshi, kama ile ya Kampala hadi Kasese, iliyofika Kasese mwaka 1956. Majani huota juu ya tuta, na mtu akikosa pa kulima au pa kujenga huona kwamba ardhi hiyo haina mwenyewe. Yaliyotokea Missouri yaonyesha kwamba tuta la reli, likitunzwa zima na wenye ardhi wakipewa haki yao mapema, laweza kungoja garimoshi lirudi, na wakati wa kungoja likawafaa watoto waendao shuleni kwa baiskeli.