Windows Inapogoma Kwenye Kompyuta Kuukuu

Kupiga Windows upya, kama mafundi wanavyosema, ni kufuta mfumo endeshi uliomo kwenye diski ya kompyuta na kuweka mwingine safi. Ndiyo dawa ya kwanza kutajwa mashine inapokuwa nzito, inapojaa virusi vya flashi au inapoishia kwenye skrini ya bluu. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, kuanzia Kiruruma na Kayanga hadi Omurushaka na Nkwenda, mashine inayofikishwa kwa fundi kwa shida hiyo mara nyingi ni ya mezani: Dell OptiPlex au HP Compaq iliyotumika ofisini ng'ambo kwa miaka kadhaa, ikauzwa mtumba, na sasa iko steshenari ikichapa barua, ikitoa matokeo ya NECTA na kujazia wanafunzi fomu za mikopo ya HESLB. Nyingine ziko shuleni, au kwenye ofisi ya chama cha ushirika (AMCOS) zikitunza hesabu za kahawa za wakulima.

Kazi yenyewe si ngumu mashine ikiwa nzima. Shida huanza pale Windows mpya inapogoma: flashi haionekani, diski haionekani, asilimia zinasimama njiani, au mashine inajizima na kuwaka tena bila kufika mwisho. Hapo wengi hulaumu Windows, wakatafuta flashi nyingine, kisha nyingine tena. Mara nyingi lawama hiyo haina msingi. Kupiga Windows ni kazi nzito kuliko barua na fotokopi za kila siku: maelfu ya mafaili husomwa kutoka kwenye flashi, hufunguliwa ndani ya RAM na kuandikwa kwenye diski mfululizo, huku prosesa ikichemka. RAM yenye kasoro ndogo, diski iliyoanza kuchoka au pawasaplai dhaifu iliyokuwa ikivumilika miezi yote hujulikana siku hiyo. Kwa hiyo hatua ambayo kazi imekwamia ni ushahidi, na fundi makini huisoma kabla ya kubadilisha chochote.

Kabla ya yote hayo kuna mafaili. Mteja husema hana kitu cha maana humo, kisha baada ya diski kufutwa anakumbuka daftari la madeni lililokuwa kwenye dekstopu. Kama Windows ya zamani haiwaki tena, diski hufunguliwa na kuunganishwa kwenye mashine nyingine, au mashine huwashwa kwa flashi ya Linux inayofanya kazi bila kuwekwa ndani, na mafaili yakanakiliwa. Diski inayotoa mlio wa kugonga, au inayochukua dakika nzima kufungua folda moja, haistahili kupigiwa Windows hata kidogo. Inanakiliwa haraka, kisha inapumzishwa. Namba ya leseni nayo huandikwa kando: kwenye mashine za enzi ya Windows 7 iko kwenye stika ubavuni mwa kasha, na stika hiyo hufutika kwa kushikwashikwa; kwa mashine zilizotoka kiwandani na Windows 8 na kuendelea, namba imehifadhiwa ndani ya madabodi.

Umeme unahitaji kusemwa peke yake. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukipata umeme kutoka Uganda kwa laini ya kilovolti 132 kati ya Masaka na Kyaka, na kukatika kwa umeme ni jambo ambalo kila mwenye steshenari amelizoea. Kompyuta ya mezani haina betri ya kuivusha. Umeme ukikata wakati mafaili yanaandikwa, kinachobaki kwenye diski si Windows ya zamani wala mpya, na kazi huanza upya. Afadhali hilo, kwa sababu linaonekana. Lisiloonekana ni umeme unaoshuka bila kukatika, pale mashine ya kusaga ya jirani au ya kuchomelea inapowashwa: taa inafifia kidogo tu, lakini kompyuta inajiwasha upya, na mwenye mashine anaapa kwamba umeme ulikuwepo. Stabilaiza husaidia kwa umeme unaopanda na kushuka; kwa umeme unaokatika dawa ni UPS yenye betri nzima. UPS nyingi madukani zina betri zilizokufa zamani na zimebaki kuwa soketi za ziada. Kuijaribu ni kuchomoa waya wake ukutani taa ikiwa imeunganishwa, si kompyuta.

Flashi isipowaka, sababu ya kawaida ni jinsi ilivyotengenezwa. Kunakili mafaili ya Windows kwenye flashi kama picha za harusi mara nyingi hakutoshi kuifanya iwashe kompyuta ya zamani. Inahitaji kuandaliwa kwa programu kama Rufus au Ventoy. Halafu kuna suala la namna mashine inavyowaka. Kompyuta za zamani hutumia BIOS, za baadaye hutumia UEFI, na za katikati zina zote mbili. BIOS huenda na mgawanyo wa diski uitwao MBR, UEFI huenda na GPT. Windows inapoandika kwamba diski iliyochaguliwa haifai kwa sababu ina MBR, au kwa sababu ina GPT, diski haijaharibika: flashi imewashwa kwa njia isiyolingana na diski. Ama mashine izimwe na flashi ichaguliwe kwa njia nyingine kwenye menyu ya kuwashia, ambayo kwenye Dell huitwa kwa F12 na kwenye HP nyingi kwa F9, ama diski ifutwe yote na kugawanywa upya. Njia ya pili haina kurudi nyuma.

Saa ya mashine nayo hudanganya. Ndani ya madabodi kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS umeme ukiwa umezimwa. Ikiisha, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka ilipotengenezwa, na mipangilio yote hurudi ya kiwandani, pamoja na ule unaosema diski izungumze na madabodi kwa IDE au AHCI. Windows iliyowekwa kwa AHCI ikiamshwa kwa IDE huishia kwenye skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B. Mafundi wasiojua hili hupiga Windows upya kila betri inapopoteza kumbukumbu, mteja akalipa kila mara, ilhali kilichotakiwa ni betri ya bei ndogo inayouzwa hata kwa mafundi saa.

Windows ikiwaka lakini haioni diski yoyote, macho yarudi kwenye waya. Waya wa SATA ni mwembamba, kichwa chake hulegea kasha linaposafirishwa kwa bodaboda, na kuuchomeka upya au kuuhamishia kwenye tundu jingine mara nyingi kunatosha. Kama hata BIOS haioni diski, tatizo liko kwenye waya, pawasaplai au diski yenyewe, na hakuna flashi itakayolitatua.

Hali iliyo ngumu zaidi kusoma ni ya asilimia zinazosimama. Windows huandika namba kama 0x80070570, yaani mafaili yameharibika au hayasomeki, bila kusema yameharibikia wapi. Washukiwa ni wanne. Wa kwanza ni faili lililopakuliwa: bando likiisha njiani na upakuaji ukaunganishwa baadaye, faili linaweza kuonekana limekamilika na lisiwe zima. Alama ya SHA-256 inayotolewa na mwenye programu ipo kwa ajili hiyo, na kuilinganisha ni kazi ya dakika chache. Wa pili ni flashi. Sokoni ziko flashi zinazojitangaza kuwa na gigabaiti 64 huku ndani zikiwa na chache tu; hupokea mafaili yote kwa utulivu, kisha yale ya mwisho hayasomeki. Wa tatu ni RAM. Vijiti vyote huchomolewa, miguu yake ya shaba husuguliwa taratibu kwa kifutio cha penseli na kufutwa vumbi, kisha hurudishwa kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikijaribiwa peke yake. Memtest86+ hupima RAM bila kuhitaji Windows yoyote, na kosa hata moja linatosha kukikataa kijiti. Wa nne ni diski, ambayo hujitambulisha kwa asilimia zinazokwama sehemu ileile hata flashi ikibadilishwa. Fundi anayebadilisha vitu viwili kwa mpigo hatajua kipi kilikuwa kibovu.

Windows 7 ina mtego wake. Kisakinishi chake hakina draiva za USB 3.0, hivyo kipanya na kibodi vikichomekwa kwenye matundu ya bluu, skrini ya kuchagua lugha inafunguka na hakuna kinachosogea. Kwenye mashine yenye matundu meusi pia, kuvihamishia huko kunamaliza mjadala.

Mara nyingine hakuna hitilafu kabisa. Baada ya kunakili mafaili, Windows hujiwasha upya ili iendelee kutoka kwenye diski. Kama BIOS bado inaitanguliza flashi, mashine hurudi mwanzo na kuuliza lugha tena. Flashi huchomolewa wakati huo, si kabla. Mashine inayozimika ghafla kila baada ya dakika kadhaa ni kisa tofauti. Vumbi jekundu la barabara za Karagwe hujaa kwenye feni na mapezi ya kupoza prosesa, na pesti iliyo kati ya prosesa na mapezi hayo hukauka ikawa unga. Kasha hufunguliwa, vumbi hupulizwa nje ya nyumba feni ikiwa imeshikiliwa isizunguke, na pesti mpya hupakwa. Kapasita zilizovimba vichwa kwenye madabodi, ugonjwa maarufu wa mashine za miaka ya 2000, huleta dalili hizohizo, na mara nyingi gharama ya kuzibadilisha haistahili.

Baada ya kujua kwamba vyuma ni vizima, ndipo swali la mfumo gani linakuwa na maana. Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 7 uliisha tarehe 14 Januari 2020, na wa Windows 10 ukaisha 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai RAM ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel haitambui rasmi nyingi zilizotangulia kizazi cha 8. Mbinu za kukwepa masharti hayo zipo, lakini toleo la 24H2 haliwaki kabisa kwenye Core 2 Duo. Kwa mashine ya namna hiyo Linux Mint ni jibu la heshima: haina malipo, ina LibreOffice ya kuandikia barua, na kivinjari chake hufungua tovuti zilezile za serikali. Inahitaji prosesa ya biti 64, sharti lililoanza na toleo la 20 mwaka 2020. Na kwa mfumo wowote, diski ndogo ya SSD huharakisha kompyuta kuukuu kuliko Windows mpya. Programu za kuvunja leseni zinazozunguka kwenye flashi za mitaani ndizo njia rahisi ya kurudisha virusi vilevile vilivyoileta mashine kwa fundi.

Mwishoni huja draiva, na ya mtandao hutangulia, kwa sababu bila hiyo nyingine hazipakuliki. Ihifadhiwe kwenye flashi kabla diski haijafutwa. Tarehe irekebishwe, maana saa ikiwa nyuma kwa miaka, tovuti salama hukataa kufunguka hata intaneti ikiwepo. Kwenye orodha ya majira ya saa ya Windows Dar es Salaam haionekani. Tanzania hutumia mstari wa Nairobi, saa 3 mbele ya saa ya dunia. Kisha printa iwekwe, ukurasa wa majaribio uchapwe, na mashine iachwe ikifanya kazi saa kadhaa kasha likiwa limefungwa kabla mteja hajaitwa.