Kichwa kinagonga siku unapoacha kahawa

Je, umekwisha kuona jambo hili? Juma nzima unakunywa kahawa vizuri, kichwa hakikusumbui. Siku ya yenga unapumzika, unakunywa maji tu, na kufika mchana kichwa kinaanza kugonga kama nyundo kwenye jiwe. Siku ya kwanza asubuhi unarudilia kahawa yako, na kisha muda mufupi maumivu yanaisha. Unasema: "Labda ni malaria." Labda ndiyo. Lakini labda ni kahawa yenyewe inakuita.

Katika karieri zetu za Masisi na Walikale, watu wengi wanaishi na vitu vinavyoamsha mwili. Huko Rubaya, penye baridi ya milima, kopo la chai ya moto ndilo linalofungua siku. Huko Walikale, ndani ya pori, wachimbaji wanatafuna makasu, yaani mbegu za kola, ili usingizi usiwashike usiku. Vijana nao wanapenda vinywaji vya nguvu vya kwenye vikebe. Majina ni mbalimbali, lakini ndani yao kuna kitu kimoja: kafeini. Mujerumani mmoja, Friedlieb Runge, ndiye aliyeitenga ndani ya kahawa mwaka 1819. Kwa hiyo, yule anayeacha kahawa na kuendelea kutafuna makasu hajaacha kitu. Amebadilisha mulango tu.

Sababu ni nini?

Ubongo wako unatengeneza kitu kinachoitwa adenosini. Unapotumika siku nzima, adenosini inazidi, na inakuambia: "Sasa umechoka, lala." Kafeini inakuja kukaa pahali pake na kuizuia isisikiwe. Tena inabana mishipa ya damu ya kichwani. Ukiitumia kila siku, mwili unajizoeza nayo. Siku unapoikata kwa mara moja, adenosini inarudi na nguvu yote, mishipa inapanuka, na kichwa kinauma.

Maumivu yanaanza kwa kawaida masaa 12 mpaka 24 kisha kopo la mwisho. Yanakuwa makali zaidi siku ya kwanza ao ya pili. Yanaweza kudumu siku 2, na kwa wengine mpaka siku 9. Pamoja nayo unaweza kusikia uchovu, hasira ya bure, usingizi, ao kichefuchefu. Hapana lazima uwe mutu wa makopo 10. Hata kopo moja kubwa la kahawa kila siku linatosha kumuzoeza mutu.

Jambo hili linahusu familia zetu kwa njia nyingi. Mwaka 2024, vita ilipofukuza watu wengi sana wa Masisi, wengi waliacha nyumba bila kubeba hata sukari na majani ya chai. Mutu wa namna hiyo anaweza kuumwa kichwa siku ya pili njiani, naye hajui kwamba, juu ya taabu zote, mwili wake unaomba chai pia. Vilevile wakati wa kufunga na kuomba: wengi wanaumwa kichwa siku ya kwanza na kufikiri ni adui anayewapiga vita. Njaa na kukosa maji vina sehemu yao, lakini mara nyingi kahawa nayo iko ndani.

Punguza polepole

Dawa ya kwanza haiuzwi katika farmasi: usikate kwa mara moja. Kama unakunywa makopo 4 kwa siku, kunywa 3 kwa siku tatu ao ine. Kisha 2, siku tatu ao ine tena. Kisha 1, kisha nusu. Kwa majuma mawili hivi utakuwa umefika, na kichwa hakitapiga kelele sana. Unaweza pia kuongeza maziwa na kupunguza kahawa ndani ya kopo. Maziwa yetu ya Masisi yanafaa sana kwa kazi hiyo. Kama kanisa limetangaza kufunga, anza kupunguza juma moja mbele, si usiku wa mwisho.

Wakati maumivu yamekwisha kufika, fanya hivi:

Kunywa maji safi mara kwa mara, zaidi sana kama unatoka jasho shimoni. Usikose kula, njaa inaongeza maumivu. Weka kitambaa chenye maji ya baridi kwenye paji la uso ao shingoni. Lala kidogo pahali penye giza na kimya. Mwambie mwenzako akukande shingo na mabega taratibu. Usiku, lala saa moja na ile ya kila siku, kwa sababu usingizi ndio kitu ambacho kafeini ilikuwa inakukopesha, na deni linalipwa kwa kulala. Ukitaka kitu cha moto mkononi, chemsha sitroneli ao tangawizi: hazina kafeini.

Usijaribu kuponya kichwa na kasiksi ao lotoko. Utapata kichwa kingine kesho yake. Na vidonge je? Kujua hili ni muzuri: vidonge fulani vya kichwa vimechanganywa na kafeini. Ukivimeza, maumivu yanaisha kweli, lakini umerudilia kahawa bila kopo. Tena mutu anayemeza vidonge vya maumivu karibu kila siku anaweza kufika pahali ambapo vidonge vyenyewe vinamuletea kichwa.

Mama mwenye mimba, wewe si lazima uache kabisa, lakini usipite kipimo: miligramu 200 za kafeini kwa siku, ni kusema karibu makopo mawili madogo ya kahawa. Mutu muzima mwenye afya asipite 400.

Usidanganyike!

Hapa tusikilizane vizuri. Si kila kichwa ni kahawa, na kukosea kunaweza kuua. Kama kuna homa ao kutetemeka, usingoje siku 9: nenda kituo cha afya wapime malaria, na mutoto apelekwe siku ileile. Kama shingo imekazana, mutu anatapika sana ao anasema maneno yasiyo na maana, mubebeni upesi. Mama mwenye mimba anayeumwa sana kichwa, macho yanaona giza na uso unavimba, aende kwa munganga siku hiyohiyo, maana damu inaweza kuwa imepanda.

Na ninyi vijana wa shimoni: kama watu wawili ao watatu wanaumwa kichwa pamoja ndani ya shimo, musiseme ni makasu yamekosekana. Ni hewa imeharibika. Moteri ya kuvuta maji ikiwekwa ndani ya shimo inatoa gazi yenye haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa wanasinzia. Tokeni wote, mara moja. Asishuke mutu kumutafuta mwenzake mpaka hewa imeingia.

Wengine watauliza: sasa tuache kahawa kabisa? Hapana. Kahawa inayolimwa kando ya ziwa Kivu inalisha jamaa nyingi na kusomesha watoto, na kopo moja asubuhi halina kosa. Swali ni hili: ni wewe unayekunywa kahawa, ao ni kahawa inayokuamuru? Jaribu kupunguza kopo moja juma hili, hesabu franga zinazobaki, na uangalie namna unavyolala. Mzee nyumbani akikasirika bure siku ya tatu, mumuvumilie. Hasira hiyo nayo itapita pamoja na kichwa.