Kamba wa Mlango wa Ruvu

Kamba wa Bagamoyo hutaga mayai baharini. Watoto wao huchukuliwa na mikondo hadi mikokoni, kwenye mlango wa mto Ruvu, wakakulia humo kabla ya kurejea baharini. Hiyo ni Biolojia. Lakini maji baridi yanayochanganyika na ya chumvi humo hutoka milima ya Uluguru, nayo ni Jiografia. Na anayekata boriti au kufyeka mikoko apate mashamba ya chumvi ana hesabu yake ya kiuchumi. Mwishoni mwa 2007 Serikali ilisimamisha uvuvi wa kamba wa meli za kukokota nyavu, kwa kuwa kamba walikuwa wamepungua. Amri hiyo haikuligusa shoka. Somo hili lataka walimu watatu mikokoni wakati wa maji kupwa, na mvuvi mmoja wa kuwasahihisha.